Ini la Kumpa Dada

Siku daktari alipotuambia kwamba ini la mume wangu limejaa mafuta, nilicheka. Mume wangu ni mwembamba. Suruali zake zote nazipunguza kiuno kabla hajazivaa, na wenzake wa kazini humtania kwamba akisimama ubavu haonekani. Mafuta hayo yalikuwa yamejificha wapi? Lakini daktari hakucheka. Aligeuza kioo cha mashine ili tuone wenyewe, akaelekeza kalamu kwenye weupe uliotanda mahali ambapo, kwa maelezo yake, palitakiwa kuwa na rangi ya kijivu.

"Unakunywa pombe?" alimuuliza.

"Sijawahi hata kuinusa, daktari."

"Unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate. Na keki, na biskuti."

"Na unaonja?"

"Kila beseni. Nisipoonja nitajuaje?"

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Tulikuwa pale kwa ajili ya dada yake. Wifi yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa anaishi nasi katika chumba cha nyuma tangu ini lake liliposinyaa na kuwa gumu, tumbo likamjaa maji na miguu ikavimba. Hospitali ilishasema wazi kwamba dawa zimefika mwisho. Kilichobaki ni kukata kipande cha ini la ndugu mwenye afya na kukipandikiza ndani yake. Kipande hicho kingekua, na ini la ndugu lingejijaza tena baada ya muda. Ndugu wa damu aliyebaki duniani alikuwa mmoja tu, mume wangu. Damu zao zilipatana, umri ulifaa, moyo na mapafu vilipita bila shida. Ini ndilo lililogoma.

"Siwezi kukata ini la namna hii," daktari alisema. "Kipande chenye mafuta mengi kinaweza kukataa kufanya kazi kwa mgonjwa, na kile kitakachobaki kwako kinaweza kushindwa kukubeba. Naweza kuwapoteza wote wawili. Punguza mafuta, kisha urudi. Ini ni kiungo chenye huruma, ukilitendea vizuri linarudi."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi michache, kama utafuata masharti."

"Na dada anayo hiyo miezi michache?"

"Anayo michache. Zaidi ya hapo sitaki kuwadanganya."

Mimi sipambi maneno, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa. Niliposikia "siwezi kukata", roho yangu ilitulia. Tangu habari za kisu zianze nilikuwa sishibi chakula. Nina mume mmoja na watoto wawili ambao bado wanavaa sare za shule, na wifi mmoja ambaye tangu wiki ya kwanza ya ndoa yangu alikuwa akionja mchuzi wangu na kuupa alama. "Sita juu ya kumi, wifi. Umejitahidi." Miaka yote hiyo sijawahi kuvuka saba. Nilimhurumia kwa ugonjwa wake, nilimwogesha na kumfulia, lakini kumwogesha wifi ni jambo moja na kumlaza mume wako apasuliwe kwa ajili yake ni jambo jingine kabisa.

Tulipofika nyumbani, yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu juu ya mto. Mume wangu alimweleza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu akizungumza kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani.

"Lina mafuta," wifi alirudia. Akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. "Hata mimi niliambiwa neno hilo hilo, wewe ukiwa bado hujaoa. Ini lina mafuta. Unajua nilielewa nini? Nilidhani ananisifu. Kwetu mtu akinenepa si tunasema amenawiri? Nikasema, afadhali, kumbe ini langu limenawiri."

"Dada..."

"Hakuna kilichoniuma, mdogo wangu. Hicho ndicho kilichoniponza. Jino likioza linakupigia kelele. Ini linanyamaza tu. Nikarudi kwenye chai yangu ya vijiko vinne na mikate yako ya siagi, na kila mwaka nikawa naongeza gauni upana." Akatazama mikono yake ambayo ilikuwa imebaki mifupa, kisha akanigeukia mimi. "Watu wa mtaani wanasema nilikuwa nakunywa pombe kwa siri. Wewe msusi unawasikia kila siku. Wanasema hivyo, si ndiyo?"

Mimi ni msusi, na ni kweli nilikuwa nawasikia. Mtu anapoinamisha kichwa asukwe, mdomo wake nao hufunguka.

Hospitali ilitupeleka kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mnene wa sauti nyororo ambaye kila mtu pale alimwita Bi Lishe. Chumba chake kilikuwa kidogo: mizani, bango la matunda lililopauka, na droo ambayo badala ya makaratasi ilikuwa na vitunguu, machungwa na fungu la mboga lililofungwa kwa uzi. Kwanza alimbana mume wangu. Sukari basi. Soda basi. Mkate mweupe na vitu vya kukaanga, kwaheri. Kila siku atembee mpaka shati lilowe. Kisha akatoa kitunguu chekundu, akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mpishi? Nioneshe unavyomenya."

Nikamenya ninavyomenya siku zote, ganda la nje na tabaka mbili za chini yake, mpaka nikafika kwenye weupe.

"Umetupa kizuri, umebakiza maji," alisema, bila ubaya. Akaokota lile tabaka la zambarau nililolitupa mezani. "Rangi hii unayoiona ina vitu vinavyoitwa flavonoidi. Mmea huvitengeneza kujilinda. Vimo kwenye vitunguu, kwenye mboga za majani, kwenye nyama nyeupe inayoshikamana na ganda la chungwa, kwenye tofaa usipolimenya, kwenye chai isiyo na sukari. Inaonekana vinalisaidia ini lisirundike mafuta, na vinapoza ule moto unaoliunguza polepole. Menya ganda jembamba tu la juu. Na mboga ukizichemsha, yale maji usiyamwage."

"Kwa hiyo ni dawa," mume wangu akasema.

"Sikusema dawa. Nimesema chakula. Panya wamepimwa sana, watu wamepimwa kidogo, na hakuna anayeweza kuniambia kitunguu kimoja kinaondoa mafuta kiasi gani. Najua tu kwamba watu wanaojaza sahani rangi, wakaacha sukari na kutembea, maini yao hurudi. Vyote pamoja, kaka. Ukichagua kimoja umejidanganya."

Mume wangu alifikiri kidogo. Nilimwona anavyofikiri, macho yakienda juu kushoto kama anapokadiria unga. "Na hivyo vitu haviwezi kukamuliwa? Vikawekwa pamoja, vizito, kama arki?"

Bi Lishe alikuwa ameshaanza kufunga droo. "Vipo vinavyouzwa kwenye vidonge. Mimi sikupi, na usivitumie."

Nilikuwepo, nilisikia sentensi yote. Mume wangu alisikia mwanzo wake tu.

Hapo lazima nieleze kuhusu arki, maana bila hiyo mtamwona mume wangu mpumbavu, na si mpumbavu. Tanurini kwake, juu ya meza ya kukandia, kuna rafu ya chupa ndogo: arki ya vanila, arki ya ndimu, arki ya lozi. Tone moja la arki ya ndimu linafanya kazi ya kikapu kizima cha ndimu. Ameishi na chupa hizo tangu ujana wake na hazijawahi kumsaliti. Kwa mwoka mikate, kitu kilichokamuliwa ni kitu kilekile, ila kimefupishwa njia.

Tulianza. Niliweka sufuria ya kukaangia juu ya kabati ambako siifikii bila kupanda kiti. Tukala maharage, mboga na maji yake, saladi ya vitunguu vyenye zambarau yake yote, machungwa niliyoyamenya vibaya kwa makusudi ili ule weupe ubaki. Watoto walilalamika kwamba nyumba imegeuka banda la sungura. Mume wangu alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kuonja hakuweza kuacha, kwa hiyo akawa anaonja na kutema kwenye kopo, na wafanyakazi wenzake wakampa jina la Bwana Kopo, jina ambalo alilibeba bila kinyongo.

Wifi naye alikuja jikoni. Sikumwalika. Alikuja akijishika ukutani, akakaa kwenye stuli, akaomba kisu. "Siwezi kumpa mdogo wangu chochote kwa sasa," alisema, "niache nimmenyee kitunguu." Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka lakini alimenya vizuri kuliko mimi, ganda jembamba kabisa. Tukawa tunakaa hivyo kila jioni, mimi na yeye, machozi ya vitunguu yakitutoka, tukisema mambo ambayo miaka yote hatukusema. Siku moja aliniuliza kama namchukia.

"Wakati mwingine," nilimjibu.

"Kwa sababu ya ini?"

"Kwa sababu ya ini, na kwa sababu ya alama."

Alicheka mpaka akashika tumbo lake lililojaa maji. Kisha akaniambia kwamba mama yao alipofariki mume wangu alikuwa bado ananyonya, na kwamba yeye, msichana wa shule, alimbeba mgongoni akifagia, akipika na hata akienda kuchukua matokeo ya mtihani. "Sikuzaa, wifi. Huyu ndiye niliyemlea. Kwa hiyo usidhani nataka apasuliwe. Nikikaa peke yangu natamani wamkatalie. Halafu naogopa kufa, nabadilisha mawazo." Nilimpa kitunguu kingine, akakipokea.

Picha ya pili ilionyesha mafuta yamepungua. Daktari alifurahi, tukafurahi, lakini bado hayakuwa yamepungua vya kutosha kwa kisu. "Endelea hivyo hivyo," alisema. "Usibadilishe chochote." Shida ni kwamba wiki hiyo hiyo wifi alianza kuchanganya maneno. Alimwita mwanangu kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani. Akaandika jibu la hesabu ya mtoto, na jibu lilikuwa si lenyewe, yeye ambaye hesabu alizifanya kwa jicho tu. Walimlaza siku kadhaa, sumu iliyopanda kichwani ikashuka, akarudi nyumbani akiwa na akili zake zote na mwili nusu. Mume wangu alibadilika kuanzia hapo. Alikuwa anakula haraka na kutembea haraka, na kila asubuhi alijipima kwa kushika ubavu wa kulia kana kwamba angeweza kuyahisi mafuta kwa kidole.

Sikujua alichokifanya mpaka Jumapili moja mchana.

Tulikuwa chumbani kwa wifi, tumemfungulia dirisha apate hewa. Mume wangu alikuwa anamsomea gazeti, huku akijikuna mkono. Wifi alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya darasani ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi:

"Weka gazeti chini. Njoo hapa kwenye mwanga."

Alikwenda. Wifi akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Mtu mwenye macho ya manjano alikuwa anachungulia jicho la ndugu yake.

"Mkojo wako una rangi gani?"

"Dada, jamani!"

"Nimekuuliza."

"Wa... kama chai ya rangi."

"Unawashwa tangu lini?"

"Ni unga tu unaniwasha."

"Unga umeuchezea zaidi ya nusu ya umri wako, leo ndiyo unakuwasha? Mdogo wangu, unakunywa nini?"

Alinitazama mimi, akaona hakuna msaada. Akaenda kwenye koti lake la kazi, akarudi na kichupa chenye picha ya jani la kijani. Siku za kazi alikuwa anakiweka tanurini, kwenye rafu ya arki. "Ni majani ya chai tu," alisema. "Yamekamuliwa. Ni vile vile alivyotuambia Bi Lishe, flavonoidi, ila nzito zaidi. Wameandika kimoja kwa siku."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nameza vitatu. Wakati mwingine vinne. Nilitaka kuwahi, dada."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia, na sikujua mkono uanze na lipi. Lakini wifi ndiye aliyenishtua. Katika maradhi yake yote, kwenye sindano za tumboni na usiku wa maumivu, sikuwahi kumwona akilia. Sasa alilia, bila kujifunika uso, huku amekamata tena kidevu cha mdogo wake.

"Nilikuomba kipande cha ini," alisema. "Sikukuomba uje tulale kitanda kimoja. Nani amekwambia unifuate? Nani?"

Daktari alikuwa mkali lakini hakutukana. Alituelezea kwamba kila tunachomeza, kiwe chakula au sumu, kwanza kinapita mlango wa ini. Kikombe cha chai ini linakipokea na kuagana nacho. Lakini ukilikamua shamba la chai ukalimimina mlangoni kwa siku nyingi, kwa baadhi ya watu ini linaungua. Vipimo vya mume wangu vilikuwa vimepanda vibaya.

"Litapona," alisema. "Acha hivyo vidonge leo, rudi kwenye sahani yako, litapona. Lakini silikati mpaka litulie."

"Litatulia lini?"

"Likitulia nitajua. Na mimi nataka liwahi kama wewe."

Njiani kurudi nyumbani niligundua kwamba nilikuwa naomba dua, na dua yenyewe ilinishangaza. Nilikuwa naomba ini lipone haraka ili likatwe. Mimi, niliyefurahi waliposema halikatiki. Sikujua ni lini nilibadilika. Labda ni kwenye vitunguu.

Ini la mume wangu lilianza kupona. Manjano yalitoka machoni polepole, kuwashwa kukaisha, mkojo ukarudi rangi yake. Kila kipimo kilikuwa na nafuu kuliko kilichotangulia. Na kila alipotoka kupima, alipita wodini, ambako dada yake alikuwa amelazwa tena, kumwambia, "Bado kidogo," na dada yake alimjibu, "Nakusubiri." Alikuwa hatoki tena kitandani. Wakati fulani alimsubiri kwa macho tu.

Mara ya mwisho alipozungumza kwa maneno yanayoeleweka, mimi nilikuwa naye, nampaka mafuta kwenye midomo iliyokauka. Mume wangu alikuwa ameshika miguu yake.

"Kaka mwoka mikate," alimwita, jina la utani alilompa alipoanza kazi ya tanuri. "Sikiliza vizuri, sina nguvu ya kurudia. Kama hukuwahi kunipa, si kosa. Hesabu haikutoka, basi. Lakini usinifuate. Ini lako lina miaka mingi mbele yake. Kula kama ulivyokuwa unakula kwa ajili yangu. Hicho ndicho ninachokitaka kutoka kwako sasa, kipande hicho."

"Dada, bado kidogo tu. Daktari amesema..."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akanigeukia mimi, akajaribu kutabasamu. "Na mchuzi wako, wifi, nilikuwa nakuonea." Hakusema zaidi. Alifariki asubuhi ya siku iliyofuata, kabla hatujafika.

Msiba una watu wengi na kelele nyingi, kisha watu wanaondoka. Walipoondoka, mume wangu alirudi tanurini, na mimi siku ya pili nikampelekea chakula cha mchana kwa sababu alikuwa hajala asubuhi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la unga, trei ya skonzi za moto mapajani, sukari imemganda kwenye ndevu. Alikuwa anakula moja baada ya nyingine bila kuzitazama. Kopo la kutemea lilikuwa limefunikwa kifudifudi.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Nakula."

"Nimekuletea mboga."

"Za nini? Mboga zilikuwa na kazi yake. Kazi imekwisha."

Nilikuwa na maneno mengi, na mengi yalikuwa ya kukata maini. Niliyameza. Niliweka bakuli juu ya meza ya kukandia, katikati ya unga, nikaondoka. Kesho yake nikapeleka tena, na keshokutwa. Nilimenya vitunguu peke yangu jikoni, ganda jembamba, na stuli ile ya wifi niliiacha mahali pake kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuihamisha. Sikumkumbusha ahadi aliyompa dada yake. Najua alikuwa anaikumbuka. Siku moja bakuli lilirudi tupu. Baadaye kopo likarudi kazini, na jina la Bwana Kopo nalo likarudi. Akaanza tena kutembea kwenda kazini, polepole sasa, kama mtu asiye na mahali pa kuwahi.

Hospitali ilimwita kwa picha ya mwisho, kuhakikisha kwamba vidonge havikuacha kovu. Daktari wetu hakuwepo. Aliyeendesha mashine alikuwa dada mmoja mchangamfu ambaye hatukumfahamu, na yeye hakutufahamu. Mume wangu alilala kitandani, shati limepandishwa kifuani. Yule dada akampaka ute wa baridi, akatembeza mkono wa mashine chini ya mbavu, akageuza kioo kuelekea kwetu. Kijivu kitupu, chote sawasawa.

"Hongera kaka!" alisema. "Mafuta hakuna, kovu hakuna. Ini safi hivi sijaliona mwezi huu. Hili hata ukitaka kumpa mtu unampa."

Alisema hivyo kwa wema, akatoka kwenda kumwita mgonjwa mwingine. Tukabaki wawili. Mume wangu hakuinuka. Alikuwa anakitazama kile kioo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda wenyewe ubavuni, juu ya ute.

"Nimpe nani sasa?" aliniuliza.

Hakuwa anauliza kwa uchungu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akakuta nyumba imefungwa.

"Nipe mimi," nilisema.

"Wewe huumwi."

"Siumwi. Nipe hivyo hivyo. Libaki humo humo lilipo, ulilishe na kulitembeza, uzeeke nalo. Lakini liwe langu."

Tangu tumzike dada yake alikuwa hajalia, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hatalia kamwe. Sasa alilia kwa sauti, amelala chali, tumbo wazi, na watu wa nje bila shaka walisikia. Nilichukua karatasi kwenye meza ya mashine, nikaanza kumfuta ule ute, taratibu, mpaka ngozi ikakauka.